Baiskeli ya shokapu mbili: fremu ipi itadumu, na ikipasuka ufanyeje

Natengeneza baiskeli Arusha. Maswali haya naulizwa karibu kila wiki, mengine na vijana wanaopeleka wageni Monduli na Mto wa Mbu, mengine kwa simu na mtu aliyeko Lushoto ambaye fremu imemkatikia njiani na bado ana kilomita kumi za kushuka. Nimeyaandika ili nikiulizwa tena nitume ukurasa huu. Ninaposema shokapu mbili nina maana ya baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma, ambayo mkono wake wa nyuma unacheza kwenye viungo.

Kwanza, nahitaji kweli shokapu ya nyuma?

Wengi wanaoniuliza hawaihitaji. Kama unapita barabara za vumbi, vichochoro vya mashamba ya kahawa, au Hell's Gate kule Naivasha kutazama pundamilia, baiskeli yenye shokapu ya mbele tu inatosha. Ni nyepesi, ni nafuu, na huko nyuma haina kiungo cha kulegea hata kimoja. Shokapu ya nyuma inaanza kulipa pale penye mawe na mizizi mfululizo, unaposhuka kwa saa nzima na miguu inatetemeka: njia za Usambara kuelekea Mtae, au miteremko ya msituni chini ya Meru. Usinunue viungo ambavyo hutavitumia, maana utavihudumia utake usitake.

Kampuni gani haivunjiki?

Haipo. Nimeshika fremu zilizopasuka za majina makubwa na za majina ambayo sijawahi kuyasikia tena. Alumini ina tabia moja ambayo chuma hakina: inachoka kwa kila mtikisiko, hata mdogo. Chuma kikibebeshwa mzigo ulio chini ya kiwango fulani kinaweza kuvumilia miaka na miaka. Alumini haina kiwango hicho, inahesabu tu. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani ni "ikichakaa, vipuri vyake navipata wapi?"

Mimi naangalia mambo matatu. La kwanza ni idadi ya viungo. Orange, kampuni ya Halifax, Uingereza, kwa miaka mingi imeuza fremu zenye kiungo kimoja kikuu cha nyuma, na watu wamezicheka kwa sura, lakini beringi ukishazibadilisha umemaliza kazi kabla chai haijapoa. Fremu za linki nne, yaani zile ambazo mkono wa nyuma umegawanyika vipande vinavyounganishwa na viungo kadhaa, zinapanda mlima kwa utulivu zaidi, ila zina beringi nane au zaidi. Ni nyingi sokoni leo kwa sababu hataza (haki ya pekee) ya ule mpangilio wa mbunifu Horst Leitner, ambayo kampuni ya Specialized waliishikilia Marekani, iliisha 2013. Si mbaya hata kidogo. Jua tu unachokinunua.

La pili ni kibandiko cha matumizi, mara nyingi kiko kwenye bomba la siti au karibu na pedali, chenye namba ya 1 hadi 5. Kinafuata kipimo cha Marekani kiitwacho ASTM F2043. Namba 3 ni ya njia za milimani na kuruka hadi sentimita 61. Namba 4 inafika sentimita 122. Namba 5 ni ya watu wasiopenda mifupa yao. Kwa njia zetu zenye mawe nashauri namba moja juu ya ile unayodhani inakutosha, hata kama baiskeli itakuwa nzito zaidi kwa kilo moja.

La tatu ni kile kipande kidogo kinachoshikilia gia ya nyuma. Kimetengenezwa kipinde au kikatike kabla ya fremu, na kila kampuni ilikuwa na umbo lake, mamia kwa mamia. Mwaka 2019 SRAM, kampuni ya vipuri vya baiskeli, walileta umbo moja la wote, UDH. Baiskeli yenye UDH utaipatia hicho kipande Nairobi au utaagiziwa na mtu anayesafiri. Isiyo nayo, nunua viwili siku ile ile unayoinunua.

Alumini, kaboni au chuma?

Kwa mtu wa hapa, alumini. Chuma cha shokapu mbili kipo, kizuri, lakini ni adimu na ni ghali. Kaboni ni imara kuliko watu wanavyodhani, ila jiwe likiirukia chini ya bomba inaweza kupasuka ndani huku rangi ya nje ina mkwaruzo tu. Ukinunua kaboni ya mtumba unauziwa mbuzi kwenye gunia, isipokuwa una mtu anayejua kuigonga na kusikiliza. Unagonga kwa sarafu, taratibu, sentimita kwa sentimita. Sehemu nzima inalia "ti, ti, ti". Iliyoachana ndani inalia "tu", kama kugonga kadibodi.

Nimepata ya mtumba. Nikague nini kabla ya kutoa hela?

Nenda mchana, nenda na kitambaa, tochi na spiriti kidogo. Muuzaji akikuambia baiskeli imetoka kuoshwa, shukuru, kisha uifute wewe mwenyewe.

Anza na siti. Ichomoe nguzo yake yote. Nguzo ina alama ya mwisho wa kuinuliwa, na angalau iingie mpaka chini ya pale bomba la juu linapoungana na bomba la siti. Mtu mrefu aliyenunua fremu fupi huinua nguzo kupita alama, kisha uzito wake wote unakuwa mtaimbo unaopanua mdomo wa bomba. Hapo ndipo nilipoliwa mimi. Mwaka wa kwanza wa kazi nilinunua baiskeli nzuri sana ya buluu kwa muuzaji mmoja, bei nzuri, tairi mpya. Kibandiko cha duka kilikuwa kimezungushwa kwenye bomba la siti chini kidogo ya klipu ya siti. Nilikiona, nikadhani ni mapambo. Wiki ya pili kilipochanika kwa jasho, chini yake kulikuwa na ufa uliozunguka nusu ya bomba, umepakwa rangi ya kucha. Rangi ya kucha inayofanana kabisa na ile buluu! Tangu siku hiyo kibandiko chochote kilichozunguka bomba nakibandua kwanza, na muuzaji akikataa naondoka.

Halafu geuza baiskeli kichwa chini. Pitisha kitambaa, kisha tochi kwa upande, kwenye maungio haya: shingo ya fremu (lile bomba fupi la mbele unapopita usukani) upande wa chini, pale bomba la chini linapokutana nayo, eneo la kiungo kikuu juu ya pedali, daraja la mkono wa nyuma linalopita nyuma ya pedali karibu na tairi, na mishikio ya shokapu, yote miwili. Mishikio ya shokapu inabeba zaidi ya unavyofikiri. Chukua baiskeli yenye mwendo wa nyuma wa milimita 140 na shokapu inayobonyea milimita 55. Gurudumu linasafiri zaidi ya mara mbili na nusu ya shokapu, kwa hiyo nguvu inayofika kwenye ule mshikio ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile iliyopiga gurudumu. Jiwe halikugonga tairi tu.

Mwisho, shika gurudumu la nyuma kwa juu, mkono mwingine shika fremu, tikisa kushoto kulia. Mchezo ukisikika, tafuta unatoka wapi kwa kuweka kidole kwenye kila kiungo mmoja mmoja. Beringi iliyochoka si sababu ya kukataa baiskeli, ni sababu ya kupunguza bei. Lakini beringi iliyochezacheza mpaka ikapanua kiti chake ndani ya fremu ni kesi nyingine. Kiti kikishakuwa yai, beringi mpya inaingia kwa kidole, na hiyo fremu siku zake zinahesabika. Gundi ya kushikilia beringi inasaidia kidogo. Baiskeli hiyo usiinunue.

Beringi zinapatikana hapa?

Ndiyo, na hii ndiyo habari njema kuliko zote, kwa sababu watu wanadhani lazima waagize Ulaya. Beringi nyingi za viungo ni za viwandani zenye namba za kawaida. Toa ya zamani, ifute, soma ubavuni. 6902 ina tundu la milimita 15, nje 28, unene 7. 6900 ni 10 kwa 22 kwa 6. 608 ni 8 kwa 22 kwa 7, ile ile ya viatu vya magurudumu. Ukiona 61902, ni 6902 kwa jina lingine. Maduka ya beringi ya Gerezani pale Dar na Kirinyaga Road pale Nairobi yanauza hizi kwa mafundi wa mashine na pikipiki bila hata kuuliza ni za nini.

Muuzaji anaweza kukupa 6001 badala ya 6902 kwa kuwa kwa nje zote ni milimita 28 na ukizitazama kaunta ni ndugu. Tundu la 6001 ni 12 na unene ni 8. Nenda na ile ya zamani mfukoni. Omba zenye 2RS, maana yake mpira pande zote mbili. Zile za kifuniko cha bati vumbi letu la majivu ya volkano linazimaliza msimu mmoja. Na kama kwenye ya zamani gololi zimejaza duara lote bila kizimba cha kuzitenganisha, tafuta za aina hiyo hiyo, kwa sababu hapo mtengenezaji alitaka kubeba mzigo, si kuzunguka kasi.

Wakati wa kufunga, kila boliti ina kipimo chake cha kukazwa kwa nyutoni-mita, na mara nyingi kimeandikwa kwenye boliti yenyewe. Azima spana ya kipimo kama huna. Boliti ya kiungo iliyolegea imeua fremu nyingi kuliko mawe.

Naweza kuweka shokapu ndefu ili baiskeli iwe laini?

Hapana. Shokapu ina vipimo viwili: urefu kutoka tundu hadi tundu, na mwendo wa kubonyea. 210 kwa 55 haibadilishwi na 210 kwa nyingine yenye mwendo mrefu mpaka mtengenezaji wa fremu aseme inaruhusiwa. Mwendo ukizidi, ikibonyea mpaka mwisho tairi au mkono wa nyuma unagonga bomba la siti. Vivyo hivyo na mbele: shokapu ndefu kuliko fremu ilivyopangiwa inageuka mtaimbo kwenye shingo.

Ulaini unatafutwa kwa pampu. Panda baiskeli na begi lako lote, simama kwenye pedali, sukuma ile pete ya mpira ya shokapu mpaka chini, shuka bila kuruka, pima imesogea kiasi gani. Kwa shokapu ya mwendo wa milimita 55, ikikaa kati ya 14 na 16 uko pazuri. Ikizidi 20 hewa ni ndogo, na kila mtaro unafika kwenye fremu kama nyundo.

Nina kilo 105. Nisinunue?

Nunua, ila soma kikomo cha uzito cha hiyo baiskeli, na ukumbuke kinahesabu baiskeli na mzigo pia. Chukua yenye namba 4 kwenye kile kibandiko cha matumizi, rimu za spoku 32, na shokapu ya hewa inayokubali presha utakayoihitaji.

Naona mstari mwembamba karibu na weldi. Ni ufa au ni rangi?

Safisha kwa spiriti, acha ikauke, pitisha ukucha kwa kukatiza mstari. Ukucha ukikwama, mashaka ni makubwa. Rangi hupasuka mistari mingi midogo ovyo ovyo. Ufa wa alumini kawaida ni mmoja, unafuata ukingo wa weldi, na mara nyingine una unga wa kijivu cheusi unaochafua kitambaa kila ukifuta. Bado una shaka? Kwangua rangi kidogo kwa wembe. Mstari ukiendelea kwenye alumini tupu, ni ufa. Karakana za injini zina dawa nyekundu ya kupulizia inayoingia kwenye ufa na poda nyeupe inayoivuta itokeze. Ukiwa na rafiki huko, dakika ishirini zinamaliza ubishi.

Ishara nyingine ni sauti. Kiungo kikavu kinalia "kwii" kila ukikanyaga. Ufa unalia "tak", mara moja, ukisimama kwenye pedali kupanda. Mlio mpya ambao haukomi baada ya kukaza na kupaka grisi, simamisha baiskeli uanze kufuta mabomba.

Ufa ni mdogo. Naweza kumalizia safari?

Shuka. Sukuma. Ufa wa mkono wa nyuma pengine utakupa onyo. Wa shingo hautoi.

Kuna fundi anachomelea alumini vizuri. Nimpelekee?

Hili ndilo swali la wiki, na jibu langu halipendwi.

Fundi mzuri wa kuchomelea alumini yupo, na weldi yake itakuwa nzuri kuliko ya kiwandani kwa kuitazama. Tatizo liko pembeni ya weldi. Fremu nyingi ni za alumini 6061. Kiwandani, baada ya kuchomelewa, fremu nzima huingia tanuri la karibu nyuzi 530, huzamishwa majini ghafla, hunyooshwa ingali laini, kisha huokwa tena kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 170 hivi. Hapo ndipo nguvu yake inapotoka. Ukiichoma upya bila tanuri, ukanda unaozunguka weldi unarudi kuwa laini, na unapoteza nusu ya nguvu yake au zaidi. Macho hayaoni kitu. Alumini haibadiliki rangi kama chuma, haikuonyeshi ilipata moto kiasi gani.

Aliniletea kaka mmoja fremu iliyochomelewa kwenye daraja la mkono wa nyuma. Weldi ilikuwa imepangwa kama sarafu, nikamsifu fundi wake. Wiki tatu baadaye karudi nayo mikononi vipande viwili. Weldi ilikuwa nzima kabisa. Bomba lilikatika milimita tano pembeni yake, mdomo umenyooka kana kwamba lilikatwa kwa msumeno.

Kuna alumini nyingine, 7005, ambayo haihitaji kuzamishwa majini na inajirudishia nguvu kwa kukaa au kuokwa kidogo. Ikiwa fremu yako imeandikwa 7005 na ufa uko mbali na shingo, naweza kukuruhusu kwa nusu mdomo, kwa baiskeli ya kwenda sokoni. Chuma chomelea bila wasiwasi. Shingo ya alumini, usinipigie hata simu.

Na kaboni?

Kaboni ndiyo inayotengenezeka vizuri, kinyume na wengi wanavyoamini. Sehemu mbovu husuguliwa kwa mteremko, nyuzi mpya hupangwa kwa mwelekeo wa zile za zamani, huwekwa resini na kubanwa. Lakini afanye mtu anayetengeneza kaboni kila siku, si mtu mwenye chupa ya resini ya mashua. Nyuzi zikilala mwelekeo mbaya umepaka rangi tu.

Waranti inanifikia huku?

Kwa mtumba, kwa kawaida hapana. Waranti nyingi za fremu ni za mnunuzi wa kwanza. Kampuni ya Santa Cruz wanatoa ya maisha kwa mnunuzi wa kwanza, na beringi za viungo wanampa bure. Canyon wanatoa miaka 6. Baiskeli ikishabadilisha mikono kwa mtumba, usihesabu ahadi hiyo kuwa ni yako.

Kama una ndugu Ujerumani au Uholanzi anayekununulia, hali inabadilika. Anunue mpya, risiti iwe kwa jina lake na aitunze. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamlinda miaka 2 dhidi ya kasoro, achilia mbali waranti ya kampuni. Ufa ukitokea, piga picha nne: baiskeli nzima kwa upande wa cheni, ufa kwa karibu, ufa ukiwa na rula, na namba ya fremu chini ya pedali. Yeye ndiye aandike, siyo wewe. Usiisugue, usiichomelee, usiipake rangi kabla hawajajibu. Wakikataa kwa kuwa ulianguka, aulize punguzo la ajali, yaani kuuziwa fremu mpya kwa bei ya chini baada ya kuanguka. Kampuni nyingi zinalo na halitangazwi sana. Akumbuke pia kuuliza kama mkono wa nyuma unauzwa peke yake. Mara nyingi ndio uliokufa, na fremu ya mbele bado ni nzima.

Naosha wapi? Pale kwa waosha magari wana mashine ya presha.

Waache waoshe magari. Maji ya presha yanapita mpira wa beringi, yanatoa grisi na kuacha mchanga ndani. Ndoo, brashi, sabuni, kausha, basi.

Fremu imekufa. Nifanye nini nayo?

Toa shokapu, uiweke kwenye soksi. Ina thamani kuliko vyote vilivyobaki, na mwenye fremu ya kipimo hicho atakuja. Toa boliti za viungo, beringi nzima, kile kishikio cha gia, klipu ya siti. Linki za kati mara nyingi ni nzima na hazipatikani popote.

Kisha ikate. Chukua msumeno upite bomba la chini na bomba la juu, ndipo uuze kwa wanunua vyuma chakavu. Mimi niliwahi kuiacha moja nzima nyuma ya kibanda, shingo imepasuka, nikijua kila mtu anaona. Miezi miwili baadaye nilikuwa nasubiri kuvuka barabara Sakina, ikanipita. Nyekundu, imechomelewa shingoni, kijana juu yake na mkungu wa ndizi nyuma, anateremka. Nilimwita. Hakusikia.